Nilimwambia Atafute Kitu cha Kuogopa

Debora mwanangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naisikia kutoka hapa nilipokaa. Uko chumba cha pili unakunja nguo na kuzikunjua, na sasa hivi umepaza sauti ukauliza, "Mama, lile chanuo langu umeliona?" Nimekujibu sijaliona. Hujui kwamba naandika. Ungejua ungekuja kukaa kitandani kwangu, ukasema tuongee tu, ya nini kuandikiana watu wa nyumba moja. Na mimi nikikutazama usoni haya sitaweza kuyasema. Nimejaribu mara tatu tangu juzi.

Treni yako ni ya asubuhi. Mambo ya kuchemsha maji, ya chandarua, ya kuchagua mwenye nyumba wa kupanga kwake, sitayaandika. Shangazi yako amekwisha kukuambia hayo yote na mengine ya kwake mwenyewe. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni refu.

Nimeanza alasiri, jua likiwa bado kali. Gari la matangazo limepita hapa Magomeni ya Kilosa mara mbili, na kila likipita kalamu yangu inasimama. Si kwamba nasikiliza. Ni mwili tu unakataa.

Kilichonifanya niandike ni maneno yako ya juzi mezani. Ulisema, "Mama, nimepata bahati. Naanza kazi katikati ya kampeni. Nitawaletea wanafunzi hotuba za wagombea tuzichambue, halafu nao wafanye kampeni zao darasani. Wajifunze kushawishi, wajifunze na kupima." Shangazi yako akasifu, akasema hiyo ndiyo elimu. Mimi nikainuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa. Ulinifuata ukanikumbatia, ukidhani nalia kwa sababu unaondoka.

Somo hilo, Debora, mimi nimelifundisha. Nililifundisha Mikumi, ukiwa na miaka sita, na mtu aliumia.

Utakuwa unaikumbuka ile shule ya bweni kando ya barabara kuu, nyumba za walimu zikiwa nyuma, na nyani waliokuwa wakikimbizana juu ya bati letu. Na najua unamkumbuka Mama Zaituni, mpishi mkuu. Alikuwa akikubeba mgongoni hata ulipokuwa umezidi umri wa kubebwa. Nikiwa darasani, wewe ulikuwa jikoni kwake. Siku moja hakuwepo tena. Uliniuliza yuko wapi, nikakuambia amehamia Ifakara kwa mwanawe. Uliuliza tena wiki iliyofuata, na tena, na mimi kila mara niliijenga hiyo Ifakara vizuri zaidi, nikaiwekea nyumba na wajukuu. Mama Zaituni hajawahi kuishi Ifakara. Alikuwa palepale Mikumi, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya stendi, amelaza mguu juu ya kiti, nami nilikuwa nikizunguka njia ya mbali kwenda sokoni ili nisipite mlangoni kwake.

Mwaka ule kampeni zilikuwa na moto. Magari yalipita na muziki tangu asubuhi, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wakaanza kuongea kama wagombea. Ukimwomba mwenzio kalamu anakujibu, "Suala hilo nimelipokea, nitalifanyia kazi." Nilicheka, kisha nikaona hapa pana somo. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na Uraia, nilikuwa bado nina joto la kazi kama ulilo nalo wewe sasa. Nikamwomba mkuu wa shule ruhusa. Akasema, "Mwalimu, fanya, lakini usitaje chama, usitaje rangi, usitaje mgombea." Nikaahidi. Tukakubaliana wanafunzi wafanye kampeni ya kumchagua dada mkuu, kwa kuwa uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ulikuwa umekaribia, na mimi nitoe alama za somo kwa hotuba zao.

Siku ya kwanza niliandika ubaoni maswali matatu ya kumpima msemaji yeyote. La kwanza, anataka tufanye nini? La pili, anatumia njia gani kutufikisha huko? La tatu, amejuaje hayo anayoyasema? Tulilijadili la kwanza, tukalijadili la pili kwa vicheko vingi, maana kila mmoja alijua kuigiza. La tatu kengele ikalia. Nikasema tutalirudia. Hatukulirudia. Darasa lilikuwa limenoga kwenye lile la pili, na mimi mwenyewe nililipenda kuliko la tatu.

Nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani ni malezi. Mimi nimekulia Mamboya, nyumba ya mwalimu wa kanisa. Babu yako alikuwa na sauti ambayo ikisoma matangazo ya Jumapili unatamani yawe marefu. Kwetu, neno likisemwa vizuri lilikuwa limekwisha kuwa kweli. Hakuna mtoto aliyemuuliza mkubwa amejuaje. Ungeulizaje? Ungeonekana hukufunzwa. Nikafika ualimu nikiwa najua kusema na kusikiliza, lakini kuuliza sikukujua, nikalipita swali hilo kama mtu anavyoupita mlango wa chumba ambacho hajawahi kuingia.

Katika wasichana watatu waliogombea alikuwepo Mwajuma. Baba yake alikuwa mkulima wa huku bondeni Kilosa. Binti mwembamba, sauti ndogo, akiitwa kusoma mbele ya wenzake anashika ukingo wa meza kama vile meza itamkimbia. Nilimpenda kwa sababu hiyo. Nilitaka wote waone kwamba hata huyu anaweza.

Alikuja ofisini kwangu kunisomea hotuba yake siku mbili kabla. Iliongelea mabomba, vitabu vya maktaba, na taa ya njia ya bwenini. Kila neno lilikuwa kweli na hotuba nzima ilikuwa imekufa. Nikamwambia, na maneno haya nayaandika kama nilivyoyasema: "Hotuba yako ni safi, lakini haimkabi mtu. Watu hawainuki kwa sababu ya bomba. Mtafutie msikilizaji kitu cha kuogopa, halafu umwonyeshe kwamba ni wewe utakayemwokoa."

Akaandika kwenye daftari. Akauliza, "Kitu gani, mwalimu?"

Nikasema, "Hiyo ni kazi yako."

Akasema ahsante. Akatoka kinyumenyume kama walivyofundishwa kwao.

Siku ya hotuba ilikuwa Ijumaa, saa nne, shule nzima imekaa kwenye nyasi mbele ya ofisi. Walikuwepo wageni wawili wa ofisi ya elimu waliosikia habari za somo langu wakaja kuona. Nilivaa gauni langu la kitenge lile la bluu. Wasichana wawili wa kwanza walisema vizuri, wakapigiwa makofi ya adabu. Kisha Mwajuma akasimama, na safari hii hakushika kitu.

Akaanza polepole. "Jumanne tulikula makande. Jumanne usiku tumbo liliniuma. Nauliza, ni mimi peke yangu?"

Mikono ikainuka. Kwenye shule ya bweni, ukiuliza nani tumbo lilimuuma wiki hii, mikono itainuka tu.

"Mnajua kwa nini," akasema. "Tangu kidato cha kwanza tunanong'ona. Leo sinong'oni. Wanatia mafuta ya taa kwenye chakula chetu."

Uvumi huo, mwanangu, upo kila shule ya bweni niliyowahi kuisikia. Eti wapishi hutia mafuta ya taa ili vijana wasitamaniane. Watoto huambizana wakicheka, kisha wanakula. Lakini hapo hapakuwa na kicheko. Mwajuma alisubiri kimya kiwe kizito, kisha akasema, "Nimekiona kidumu kwa macho yangu. Kiko nyuma ya mlango wa jikoni. Nani anaweka mafuta ya taa jikoni, penye chakula cha watu? Mnichague mimi, na Mama Zaituni atajibu."

Nyasi zote zikainuka. Sijui niseme vipi. Walikuwa watoto wamekaa, wakawa kitu kimoja kimesimama.

Nami nilifanya nini? Niliona mgeni mmoja akimwinamia mwenzake akatikisa kichwa kwa kusifu. Nikajaa fahari. Nilijua Mama Zaituni huwashia kuni kwa mafuta ya taa, mvua za vuli zilikuwa zimetangulia na kuni zilikuwa mbichi. Mimi niliyekuwa nikiingia jikoni humo kila siku kukuchukua wewe, nilijua. Ilitosha niinue mkono niulize, "Mwajuma, umejuaje kwamba kinatiwa kwenye chakula?" Maneno machache tu. Badala yake niliandika alama kwenye karatasi, na ilikuwa alama ya juu kuliko zote nilizowahi kutoa kwa hotuba.

Saa saba, chakula cha mchana, walikataa kupanga foleni. Wakaingia jikoni. Walitaka Mama Zaituni ale mbele yao. Naye akachota akala, nimesimuliwa na mpishi mwenzake, akala vijiko vitatu akiwatazama, akasema, "Haya, wanangu, nimekula. Shikeni sahani." Waliokuwa mbele wakaridhika. Waliokuwa nyuma hawakuona, wakasukuma. Sufuria kubwa la makande lilikuwa juu ya mafiga, likapinduka. Lilimmwagikia mguu wa kushoto, kuanzia gotini kushuka chini.

Wewe ulikuwa umelala nyumbani na homa siku hiyo. Siku nyingine yoyote ungekuwa umekaa kwenye kile kigoda chako, kando ya mafiga hayo. Nimeishi na jambo hilo. Sikuambii ili unihurumie, nakuambia kwa sababu ni kweli.

Nimesimama kidogo. Umeingia kuchukua pasi, nikafunika karatasi kwa Biblia. Umesema, "Unaandaa somo, mama?" Nikasema ndiyo. Uongo mwingine mdogo. Tuendelee.

Jioni ile tuliitwa kikao cha walimu. Mama Zaituni alikuwa amepelekwa zahanati. Mkuu wa shule akaniuliza mbele ya wote, "Mwalimu, hili lilikuwa somo lako. Huyu binti maneno haya ameyatoa wapi?"

Nikasema, "Sijui, mkuu. Ni vijana. Ni upepo wa kampeni."

Basi wakaamua walivyoamua. Mwajuma asimamishwe masomo wiki mbili na jina lake liondolewe kwenye wagombea. Mama Zaituni asirudi jikoni, ili kupoza hasira za wanafunzi. Hakuna aliyesema ametia mafuta. Hakuna aliyesema hakutia. Aliondolewa tu, na shule nzima ikaelewa inavyotaka kuelewa.

Baba yake Mwajuma alikuja Jumatatu kumchukua. Mtu mzima, kofia mkononi. Alikuwa ameambiwa mtoto amefanya fujo, lakini alinitafuta anishukuru. "Mwalimu," aliniambia, "huyu nyumbani alikuwa haongei. Likizo iliyopita alisimama mbele ya wajomba zake akaeleza jambo mpaka tukatazamana. Nikauliza, nani amekufundisha? Akasema mwalimu wangu. Mungu akulipe." Mwajuma alikuwa nyuma yake na begi. Nilimtazama nikiomba anyamaze, naye alinyamaza. Alipopita karibu yangu akasema kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote, kama anayeuliza kuhusu mtihani: "Mwalimu, ulisema nitafute kitu cha kuogopa. Nilikosea wapi?"

Baba yake alikuwa akinipungia mkono, nami nikampungia.

Wiki mbili hizo sikuweza kukaa. Nilifagia uwanja uliofagiliwa. Darasani nilifundisha sarufi tupu, ngeli na vitenzi, vitu visivyoweza kumuunguza mtu. Wewe ulikuwa ukiniuliza habari za Ifakara. Siku ya mwisho ya adhabu ya Mwajuma niliamua kwenda kwa Mama Zaituni, nikafika hadi stendi, nikanunua nyanya nisizozihitaji, nikarudi. Kesho yake Mwajuma aliporudi shuleni nikamwambia, "Twende mahali." Nadhani nilimchukua kwa sababu peke yangu nisingefika.

Tulimkuta amekaa mlangoni, mguu umefungwa kitambaa cheupe, anachambua mchele.

"Shikamoo, mama," nikasema. Mwajuma naye akapiga goti, "Shikamoo."

"Marahaba," akatuitikia wote wawili kwa mkupuo mmoja. Hakutukaribisha ndani wala hakutufukuza. Akaendelea na mchele wake. Kisha akasema, "Debora homa imepoa?"

Nikasema imepoa. Nikaanza kusema pole, akanikatiza.

"Mwalimu, pole nimepewa nyingi. Mimi nina jambo moja linanikera, na si mguu. Shule yote ile, na walimu wake, na wageni wake wenye miwani, hakuna mtu mmoja aliyekuja akaniuliza, mama, kile kidumu ni cha nini? Hata wa kuniuliza kwa ukali sikumpata. Waliamini, basi. Na ambao hawakuamini, walikaa kimya."

Mwajuma alikuwa bado amepiga goti. Akasema, "Mama, kile kidumu kilikuwa cha nini?"

Mama Zaituni akamtazama sana. "Cha kuwashia kuni, mjukuu wangu. Kuni zilikuwa mbichi."

"Nisamehe, mama."

"Nani alikufundisha kusema vile? Maana ulisema vizuri. Mimi mwenyewe nilikuwa dirishani, nikaogopa makande yangu."

Mwajuma akatazama chini. "Nilijifundisha mwenyewe," akasema.

Debora, ningeweza kuliacha liishe hapo. Mtoto yule alikuwa amenifungulia mlango nitoke, na hakutaka malipo. Nilimtazama Mama Zaituni akichambua kiganja kizima cha mchele. Kisha nikasema, "Ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia atafute kitu cha kuogopa. Na kidumu nilikuwa nakijua."

Mama Zaituni hakupandisha sauti. Akasema, "Basi kamwambie aliyenifukuza. Mimi nimeshajua, hainisaidii."

Nilikwenda. Mkuu wa shule alisikiliza, akafunga mlango, akasema, "Mwalimu, jambo limeshapoa. Usilichokonoe." Siku ya Jumatatu, mstarini, zamu ya matangazo ilipofika kwangu, nililichokonoa. Niliwaambia wanafunzi kidumu kilikuwa cha nini, na nani alijua, na nani alimfundisha Mwajuma. Ningependa kukuambia kwamba walilia. Wengine walicheka. Wengi walikuwa wanawaza uji. Nilipomaliza kengele ikapigwa, wakaenda darasani.

Mama Zaituni hakurudishwa, nafasi yake ilikuwa imeshapata mtu. Alianza kuuza chapati na maharage palepale stendi, na anauza hadi leo. Mimi nilihamishiwa huku Kilosa muhula uliofuata. Nilikuambia tumehama kwa sababu ya ugonjwa wa bibi yako, awe karibu na hospitali. Bibi yako alikuwa mzima kabisa na alikasirika nilipomsingizia. Mwajuma alimaliza kidato cha nne, akaolewa Ruaha, analima miwa na mumewe. Tulionana mara moja msibani. Aliniamkia, akaniuliza habari zako, akaenda kukaa na wanawake wenzake. Hagombei chochote. Nilisikia walimtaka awe mwenyekiti wa kikundi chao, akakataa, akasema yeye si mtu wa kusema mbele za watu. Hilo linaniuma kuliko mguu wa Mama Zaituni. Nililitoa neno kinywani mwa yule binti, kisha nikasababisha alirudishe, akalifungia.

Kwa hiyo usifikiri nakukataza somo lako. Miaka kadhaa nilifikiri suluhu ni kulinyamazia. Kampeni zilizofuata nikafundisha kama vile hakuna kampeni nje, madirisha yamefungwa, na watoto wakatoka darasani kwangu wakaenda moja kwa moja kusikiliza maspika, bila swali hata moja mkononi. Hiyo nayo ilikuwa dhambi, ila haina mguu wa kuonyesha. Safari hii nimelirudisha. Na nimeanza na lile swali la tatu, kengele ilie isilie.

Sasa nifike kwenye kilichonikosesha utulivu wiki hii, maana hayo ya zamani nilikuwa nimezoea kuishi nayo.

Wiki mbili zilizopita niliwasimulia kidato cha tatu wa hapa kisa hiki chote. Nilikisimulia vizuri. Nikanyamaza mahali pa kunyamaza. Wakatulia kabisa, na nikajisikia nimefanya kitu cha ujasiri. Kisha msichana mmoja anaitwa Anjela, mkimya, anayekaa karibu na dirisha, akainua mkono.

"Samahani, mwalimu. Wewe mwenyewe tutajuaje kama ilikuwa hivyo?"

Wenzake wakamzomea. Nikawanyamazisha. Nikamwambia, "Hutajua kutoka kwangu. Mama Zaituni yuko stendi ya Mikumi. Muulizeni."

Nilisema hivyo kama mtu anayejiamini. Sikudhani wangekwenda. Jumamosi Anjela na mwenzake mmoja, na shangazi yake Anjela mwenye shughuli zake huko, wakaenda. Wakala chapati, wakauliza, wakaandika kwenye daftari. Jumapili baada ya ibada wakanifuata nje ya kanisa, wakaniamkia, wakasimama wanasukumana nani aanze.

Anjela akasema, "Mwalimu, Mama Zaituni anakusalimu sana. Anasema yote uliyotuambia ni kweli. Ila kuna jambo moja umelisahau."

"Lipi?"

"Anasema kile kidumu hakikuwa cha jikoni. Kilikuwa chako. Anasema ulimpelekea wewe mwenyewe akutunzie, kwa sababu mtoto wako alikunywa mafuta. Ukamwambia akitumie kwenye kuni akitaka."

Debora, ulikunywa mafuta ya taa kweli. Nakumbuka midomo yako, nakumbuka nimekukimbiza zahanati huku nimevaa kandambili mguu mmoja. Nakumbuka kwamba baada ya siku hiyo nyumbani kwetu hapakuwa na mafuta ya taa tena, nilianza kupikia mkaa. Lakini kidumu kilikwenda wapi? Sijawahi kujiuliza. Miaka yote hii nimesimulia kwamba nilikijua kidumu cha Mama Zaituni. Sikuwahi kusimulia, hata moyoni mwangu, kwamba kilikuwa changu. Kwa siku sita sasa najaribu kujiona nikikibeba kupita uani kwenda jikoni. Wakati mwingine naona. Kisha sijui kama naona kwa sababu ilitokea au kwa sababu nimeambiwa. Mama Zaituni hana sababu ya kudanganya. Na kama ni kweli, basi alikaa mlangoni kwake siku ile, mguu umefungwa, mbele ya Mwajuma, akasema tu "cha kuwashia kuni," akanistiri.

Wewe ulikuwepo. Ulikuwa mdogo lakini macho yako yalikuwa mazima. Kama unakumbuka nimekibeba, au unakumbuka sikukibeba, niandikie. Usitafute jibu la kunifariji.

Jumatatu niliingia darasani nikamwomba Anjela asome mbele ya wenzake walichokiandika, chote, na hilo la mwisho. Alisita. Nikampa nafasi yangu ubaoni, mimi nikakaa kwenye dawati lake karibu na dirisha. Alisoma kwa sauti ya kawaida, bila mbwembwe, akafika mwisho, akafunga daftari. Mvulana mmoja akageuka kunitazama, akauliza, "Mwalimu, ni kweli?"

Nikamwambia, "Sijui."

Hawakucheka, na hakuna aliyeniokoa. Mmoja akauliza yule mpishi mwenzake bado yupo, anaweza kuulizwa? Mwingine akauliza nyumba ya mwalimu na jikoni zilikuwa mbali kiasi gani, nani wengine walipita pale? Wakaanza kubishana wao kwa wao, kwa heshima, na Anjela akageukia ubao akawa anaandika maswali yao. Nikabaki nimekaa pale kwenye dawati mpaka kipindi kikaisha, na walipotoka walikuwa bado wanabishana.

Mungu akutangulie, mwanangu, akuweke salama kwa watu usiowajua.

Mama yako.